Wiki Sita Bila Goti

Siku ya kumi na tisa tangu apasuliwe, Eustadia alikuwa amejilaza kwenye godoro la sebuleni, mguu wa kulia juu ya mito miwili na gunia la majani makavu ya migomba, akimfundisha mumewe kumenya ndizi.

"Baba Vero, hiyo ni ndizi, si mbao. Unachonga nini?"

Cleophace alikuwa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, kisu mkononi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Ndizi iliingia mikononi mwake nene kama mkono wa mtoto, ikatoka nyembamba kama kalamu.

"Inabaki ya kula," alijitetea.

"Inabaki ya kuandikia."

Akacheka Cleophace, maana alikuwa mwanaume mpole, wa wale ambao ukiwachokoza wanacheka kwanza ndipo wanafikiri. Miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kumenya ndizi hata moja. Katika wiki hizi tatu alikuwa amejikata mara tano, ameunguza maharage mara mbili, na amegundua kwamba chumvi haiko pale alipodhani iko.

Kilichomlaza Eustadia kilianza kama mzaha. Zamani, binti yao Vero akiwa bado anasoma shule ya msingi, ubavuni mwa mguu wa mama yake, pale kidole gumba kinapoanzia, kulichomoza kinundu kama punje ya hindi. Eustadia akakicheka. Kinundu hakikucheka. Kikakua hadi kikawa kama kitunguu, na kadiri kitunguu kilivyotoka nje, ndivyo kidole chenyewe kilivyolala ndani na kuwaegemea wenzake, kama mlevi anayetafuta bega la jirani kwenye benchi la kanisa. Viatu vikaanza kumkataa kimoja baada ya kingine. Akahamia kwenye raba za mumewe. Akazitoboa pembeni kwa kisu ili nundu ichungulie nje. Akajifunza kutembelea ukingo wa wayo. Goti likalalamika, kiuno kikaliitikia goti, na msimu uliopita wa kahawa akaanguka na tenga zima kwenye mteremko wa shamba lao la upande wa Rugera. Alikaa pale chini katikati ya punje nyekundu, akautazama ule mguu kama mtu anayemtazama mpangaji mkorofi.

"Wewe na mimi," akauambia, "mmoja wetu atanyooka."

Kahawa yake mwenyewe, mistari minne aliyoipanda kwa mkono wake, ndiyo iliyompeleka hospitali. Daktari Deodatus, kijana mwenye sauti ya upole na mikono ya seremala, alimwonyesha picha ya mfupa ulivyopinda.

"Mama, mfupa huu tutaukata, tutaunyoosha, tutaushikiza kwa sindano mbili za chuma. Kazi yangu mimi ni ya saa moja. Kazi yako wewe ni ya wiki sita."

Akamtajia masharti. Mguu ukae juu. Chooni aende kwa magongo, akikanyagia kisigino tu. Asichuchumae. Asipige magoti.

"Hata kanisani?"

"Hata kanisani. Mungu anaijua mifupa, aliiumba yeye." Daktari akatabasamu, kisha akaacha kutabasamu. "Nisikilize vizuri, mama. Kidole kikikunjwa kabla ya wakati, sindano zitatoka mahali pake na mfupa utarudi ulikotoka. Mara ya pili haukatwi kirahisi kama ya kwanza. Unaweza kutembea na fimbo maisha yako yote."

Hilo la fimbo ndilo Eustadia alilorudi nalo Nyabiyonza, amelifunga kifuani kama kitambulisho. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alikuwa na migomba ya kupalilia, mwili wa kuulisha, na wajukuu ambao Vero alikuwa bado hajawazaa. Fimbo hakuwa na kazi nayo.

Kijiji, kama kawaida ya vijiji, kilikuwa na maoni.

"Tumbo watu wanapasuliwa, wiki ya tatu wako shambani," alisema Joanitha, jirani wa kibanja cha pili, aliyeingia na chungu cha uji na habari zote za wilaya. "Wewe kidole kimoja tu umelala kama umezaa mapacha!"

"Tumbo halibebi mkungu wa ndizi kutoka bondeni, Joanitha. Tumbo hubebwa."

"Kule Omurushaka wanasema eti umekatwa mguu."

"Waambie umeota mwingine. Mzuri zaidi."

Alijibu hivyo kwa wote, na wote waliondoka wakicheka, na alipobaki peke yake aliuma upindo wa kitenge kwa sababu kidole kilikuwa kinapwita kama ngoma ya harusi ya watu asiowajua. Maumivu aliyaweza. Kilichokuja Alhamisi hiyo jioni kilikuwa kingine.

Cleophace aliingia na simu mkononi, akaishika mbali na mwili kama panya aliyekufa.

"Mama Vero. Baba anakuja Jumamosi. Na mama."

"Wakaribie. Kyerwa si mbali."

"Ndiyo. Anakuja kukujulia hali." Akaiweka simu mezani, akaichukua tena. "Kwa ajili ya lile jipu."

"Jipu gani?"

Cleophace akayatazama maganda ya ndizi.

"Baba Vero. Jipu gani?"

"Aliuliza una nini. Nikaona nikimwambia mke wangu amelala wiki sita kwa sababu ya kidole, atasema nimeoa malkia. Nikasema ni jipu la mguuni. Jipu mtu analielewa. Ameshapata na dawa ya majani."

Eustadia alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha ghafla, maana akili yake ilikuwa imefika Jumamosi kabla yake. Mwenye jipu la mguu hupiga magoti. Hukunja uso, lakini hupiga.

Na kwa mzee Kashaija, baba yake Cleophace, goti halikuwa jambo la mzaha. Mke wa mtoto wake haamkii akiwa wima wala akiwa ameketi. Anashuka chini kwa magoti yote mawili, anainamisha macho, anaamkia, anabaki pale mpaka aitikiwe. Kisha, angali magotini, anamkabidhi mzee kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Koo nyingine siku hizi zimelegeza. Mabinti wanainama kidogo kama wanaookota sindano, na wanaita hilo goti. Mzee Kashaija hakuwa amelegeza hata uzi. Miaka minne nyuma, Laurensia, mke wa Edgar, mdogo wake Cleophace, alimwamkia amesimama, ndoo ya maji kichwani. Mzee hakugomba. Aligeuka, akaenda zake bila kula. Na baba kuondoka nyumbani kwa mwanawe bila kula ni jambo ambalo huko watu hulitaja kwa sauti ya chini, kama msiba. Kikao cha ukoo kikakaa. Laurensia akapeleka mbuzi na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, akavuka ua mzima kwa magoti kuomba radhi. Rubisi ikanywewa, mbuzi akaliwa, na mpaka leo mzee akipita kwa Edgar hasimami.

Eustadia alikuwa amepiga goti hilo miaka ishirini na sita. Daktari alipoulizwa nundu imetokana na nini, alitaja urithi, akataja viatu vya kubana. Yeye kichwani akaongeza la tatu: kile kidole kikikunjwa chini yake, kikibeba mwili wote wakati wa kuinuka, kila salamu, kila sahani, kila kikapu. Hakulisema, asije akaonekana anamshtaki mtu.

"Ni goti moja tu," Cleophace alisema usiku ule wakila.

"Ni kidole kimoja tu."

"Basi nusu goti. La kushoto. Huo mguu mzima."

"Na wa kulia niuweke wapi, niutundike ukutani?"

"Nitakushusha mimi, na nitakuinua mimi. Wewe hutakanyaga kitu."

Eustadia akaisogeza sahani. "Njoo hapa. Piga magoti."

"Mimi?"

"Wewe. Hakuna anayekuona, funga mlango. Vua na malapa."

Cleophace akapiga magoti kwenye mkeka, bila uzoefu, kama ng'ombe anayelala.

"Sasa inuka. Polepole. Simama hapo hapo! Usiinuke zaidi. Geuza shingo, uangalie kidole chako."

Akageuza shingo. Kidole gumba chake kilikuwa kimekunjika nyuma hadi kucha imekuwa nyeupe, na uzito wote wa mwanaume mzima ulikuwa juu yake.

"Umekiona?"

"Nimekiona."

"Sasa kichome sindano mbili za chuma kwa ndani, halafu niambie habari ya goti moja tu."

Cleophace akainuka, akakaa, akakisugua kidole chake muda mrefu. Hakuzungumza tena habari ya nusu. Lakini alipozima taa alisema gizani, "Mimi nakuelewa, mama Vero. Ila mimi siye nitakayeondoka bila kula."

Ijumaa Joanitha alikuja na dawa ya tatizo. "Lala! Mgonjwa aliyelala haamkii mtu. Mzee akiingia, wewe unakoroma. Akitoka, unaamka."

"Siku ishirini nimelala bila kutaka, siku ya kuamka ndiyo nijifanye nimelala? Na akikaa mpaka jioni?"

"Unakoroma mpaka jioni."

"Mbona hupendi kuniona nikiwa macho, Joanitha? Hapana. Atanikuta macho wazi, mdomo wazi."

"Watakuita kwenye kikao."

"Wanibebe basi, maana kutembea nimekatazwa."

Alisema hivyo, na Joanitha akapiga makofi kwa kicheko. Lakini usiku aliwaza mbuzi wa Laurensia, na ule ua aliouvuka kwa magoti, na namna wanawake walivyosimama pembeni wakitazama, yeye Eustadia akiwemo, hakuna aliyefungua mdomo. Hilo lilimchoma kuliko sindano.

Jumamosi saa nne bodaboda mbili ziliingia uani. Ya kwanza ilimshusha mzee Kashaija, miaka themanini na mitatu, koti la sufu kwenye jua, fimbo, kofia, mgongo ulionyooka kama mlingoti. Ya pili ilimshusha Edvina, mkewe, mdogo, mviringo, na furushi la majani ya dawa ya jipu kifuani.

Mzee alifika mlangoni, akasimama. Akaona mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, mwanawe wa kiume, amejifunga kitenge kiunoni, mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi. Pili, mke wa mwanawe, ameketi kwenye godoro, ameegemea ukuta, mguu umeinuliwa juu ya mito, na wayo umemwelekea yeye.

"Shikamoo, tata," alisema Eustadia, akimwita baba kwa lugha ya kwao. Sauti ilitoka nzuri kuliko alivyotarajia. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, akainamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua. Kila kitu alichoweza kukiinamisha alikiinamisha.

Mzee hakuitika. Alikuwa anautazama mguu. Mwishoni mwa bendeji, nchani mwa kidole, ncha mbili za chuma zilikuwa zimechungulia.

"Jipu gani lina misumari?"

Cleophace akageukia jikoni. Eustadia akamwokoa.

"Si jipu, tata. Nimepasuliwa mfupa wa kidole, umekatwa na kunyooshwa. Daktari amenikataza kupiga magoti wiki sita. Leo ni siku ya ishirini na moja."

"Huyo daktari ni wa ukoo gani?"

"Sikumuuliza."

"Ungemuuliza." Na mzee akageuka.

Asingeketi hata nje, kama bodaboda hazingekuwa zimeshaondoka, na kama Edvina hangekuwa ameshapita chini ya kwapa lake na kuingia ndani. Ikabidi aketi kwenye benchi la barazani, chini ya dirisha, fimbo katikati ya magoti, uso kwenye migomba. Cleophace akamfuata na kikapu cha kahawa ya kutafuna.

"Wewe ndiye mke wa mwanangu?" ilisikika sauti.

"Hapana, baba."

"Basi rudisha."

Ndani, Edvina alikuwa ameweka furushi lake kando na kukaa sakafuni pembeni ya godoro. Hakusema pole. Alisogeza uso mpaka karibu na bendeji, kama anayesoma herufi ndogo.

"Kimenyooka?"

"Kimenyooka, mama. Nilikiona siku ya kutoa nyuzi. Kinaelekea mbele kama cha mtoto."

"Kilikuwa kitunguu?"

Eustadia akamtazama. Yule bibi akavuta sketi juu kidogo, akavua malapa. Miguu yote miwili ilikuwa na vitunguu, vikubwa, vinavyong'aa, na vidole gumba vyote viwili vimelala chini ya wenzake kama watoto waliobanwa kitandani. Miaka ishirini na sita Eustadia alikuwa amemjua mama mkwe huyu, na miaka yote aliviona vidole vile kama mtu anavyoona nguzo za nyumba.

"Vilianza lini?"

"Nikiwa na mimba ya Edgar. Nilijua ni uzee."

"Mimba ya Edgar! Huo ni uzee gani, mama wee?"

Edvina akafikiri, halafu akaanza kucheka, cheko la ndani kwa ndani linalotikisa mabega. Eustadia akacheka pia, na godoro likacheka, na sindano zikamkumbusha zilipo, akasema "Aii!" na kuendelea kucheka. Barazani fimbo ilipigwa sakafuni mara moja.

Saa sita chakula kiliiva. Ndizi zilikuwa nyembamba lakini zilikuwa laini. Maharage, kwa rehema, hayakuungua. Cleophace alizipakua kwenye jani, akatoka na sinia, akarudi na sinia. Akatoka tena na maji ya kunawa, akarudi na maji.

"Hataki," alisema. Kitenge kilikuwa kimemteremka kiunoni, hakukivuta. "Amesema nimtafutie bodaboda. Mama Vero, akiondoka hivi... mimi ndiye mkubwa. Edgar ameshapoteza baba, sasa na mimi?"

Sasa hapo hakukuwa na mzaha. Eustadia aliutazama uso wa mumewe, uso uliokuwa ukimwamsha kila alfajiri kwa wiki tatu ukiwa na kikombe cha chai yenye sukari nyingi mno, akaona kwamba anaogopa kweli. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wahenga. Hawakuwahi kuona kinavyoweza kuvunja ukoo. Akauangalia mkeka. Ulikuwa karibu. Ingekuwa ni kuteleza tu kutoka kwenye godoro, sekunde mbili, kuamkia, kuinuka. Labda sindano zingeshika. Labda.

Ndipo mzee aliposema kutoka nje, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayezungumza na migomba:

"Mimi nimekaa huku barazani. Dirisha lina pazia. Kinachofanyika ndani sikioni." Akakohoa. "Mtu akitaka kuniamkia, nitasikia salamu. Magoti hayana sauti."

Cleophace alifungua mdomo, uso ukamchanua. Hata Joanitha, aliyekuwa amejibanza nyuma ya nyumba akijidai anatafuta kuku, aliacha kutafuta kuku.

"Amekufungulia mlango," Edvina alinong'ona. "Sijamwona akifanya hivyo tangu anioe. Pita, mwanangu."

"Sema tu," alinong'ona Cleophace. "Mwamkie kama ulivyomwamkia. Atajua umepiga. Hakuna atakayeumia."

Ilikuwa njia nzuri. Eustadia aliona uzuri wake. Mzee alikuwa ameinama kiasi ambacho mgongo wake uliweza, na njaa ilikuwa imemsaidia kuinama. Akavuta pumzi ya kuamkia, akaiachia.

Maana kesho ingesemwa. Mzee angekwenda nayo Kyerwa: mke wa Cleophace, na misumari mguuni, alipiga goti. Joanitha angeifikisha Omurushaka kabla ya jua kuzama. Na Laurensia angeisikia. Na binti yeyote wa ukoo ule, akiwa na mguu uliovunjika, mgongo wa kujifungua, nyonga ya uzee, angeambiwa: Eustadia alipiga, wewe ni nani? Goti ambalo hakulipiga lingewaangusha wengine chini.

"Tata," aliita, kwa sauti ya kuvuka pazia na ua.

"Nasikia."

"Shikamoo. Na sijapiga goti."

Cleophace alishika kichwa kwa mikono yote miwili, na mwiko.

"Nimekaa kitako," aliendelea Eustadia, kwa kuwa aliyekwisha kulowa haogopi mvua. "Mguu uko juu ya mito. Nakuheshimu kama nilivyokuheshimu miaka ishirini na sita, na mama hapa ni shahidi, nilikupigia goti nikiwa na mimba, nikiwa na homa, nikiwa na kitunguu mguuni kinachowaka moto. Leo sipigi. Na sitaki useme nimepiga. Ukiondoka bila kula, nitalia, lakini nitalia nimekaa."

Fimbo iligonga sakafu. Benchi likalia, mzee alikuwa amesimama. Kupitia pazia walikiona kivuli cha kofia.

"Edvina! Tunaondoka."

Edvina hakuinuka. Alivuta mto mmoja wa akiba, akauweka pembeni ya ule wa Eustadia, akaegemea ukuta, akapandisha mguu wake wa kulia juu, halafu wa kushoto, taratibu, akitoa sauti ya mtu anayeshusha mzigo wa kuni.

"Mimi nimechoka, Kashaija," alisema. "Miguu inauma."

"Tangu lini?"

"Tangu mimba ya Edgar."

Kivuli hakikusogea. Kuku wa Joanitha akapita, akatazama ndani, akaenda zake.

"Hukuniambia," ilisema sauti ya nje, na safari hii haikuwa ya kuzungumza na migomba.

"Hukuuliza. Ulikuwa unaitika tu."

Fimbo ikaegemezwa ukutani. Kisha benchi likalia tena, kwa uzito wa mtu anayeketi.

"Mkamwana," aliita mzee.

"Naam, tata."

"Umesema umekaa kitako."

"Kitako kabisa."

"Na huo mguu unanielekea mimi?"

Eustadia akaupima kwa macho, kutoka kidoleni hadi kwenye pazia. "Kwa kweli, tata, unakuelekea wewe. Lakini ukuta ninaouegemea ndio uliouelekeza huko."

Akasikika akipumua kwa pua, na kama ni hasira au kicheko, hata Edvina aliyeishi na pua hiyo miaka sitini hakuweza kusema.

"Marahaba," alisema mzee Kashaija, kama anayetoa mwiba wa samaki kinywani. "Nimeitika. Lakini ndani humo siingii. Nitakula hapa hapa nje, na nitakuwa nakula nje mpaka mambo yarudi yalivyokuwa. Na kikao kitakaa."

"Kikae, tata. Mje wote, mtanikuta hapa. Na Laurensia aitwe, nina neno la kumwambia mbele yenu nililochelewa miaka minne."

Cleophace alikuwa ameshatoka na sinia kabla mtu hajabadili mawazo, maji yanamwagika njiani. Kupitia pazia walimsikia mzee akinawa, akionja, akitafuna.

"Nani amemenya hizi ndizi?"

"Mimi, baba."

"Umezichonga au umezimenya?"

Edvina akaziba mdomo kwa kitenge. Eustadia akafumba macho. Kidole kilikuwa kinapwita, mgongo unauma.

"Mkamwana," sauti ikaita tena, na chakula mdomoni.

"Naam."

"Hizo wiki sita zikiisha?"

"Zikiisha natoa sindano, naanza kutembea. Nitakuja Kyerwa kwa miguu yangu kukusalimia."

"Na goti?"

Eustadia akafumbua macho. Akautazama mguu wake kwenye mito, na miguu miwili ya yule bibi kando yake, yenye vitunguu, iliyopumzika kwa mara ya kwanza mchana kweupe.

"Goti, tata? Hilo nitakiuliza kwanza kidole."